Malazi ya Kando ya Ziwa ni Usalama wa Msafiri

Wananchi wa visiwani wajao Mwanza kwa shughuli zao, ama za kutibiwa Bugando, ama za mahakamani, ama za kuuza dagaa na kununua bidhaa za duka, hawawezi daima kurudi kwao siku ile ile. Jua likichwa kabla shughuli hazijakwisha, hawana budi kutafuta mahali pa kulala. Wenye fedha huenda kwenye hoteli za mjini. Walio wengi hutazama nyumba ndogo za wageni zilizo katika mitaa ya karibu na ziwa, kama ilivyo Mkuyuni, kati ya majabali na maji. Nyumba hizo hazitajwi sana katika mipango ya maendeleo. Sisi twaamini kwamba zina kazi kubwa kuliko inavyodhaniwa, nayo ni kulinda maisha ya wasafiri.

Sababu yake ni tabia ya ziwa lenyewe. Dhoruba nyingi za Ziwa Victoria huzuka usiku na alfajiri. Nchi kavu hupoa upesi usiku, na maji hubaki na joto. Pepo za kutoka pande zote za nchi kavu hukutana juu ya maji na kuzaa mawingu ya mvua na radi. Kwa hiyo msafiri ang'oaye nanga jioni kwa kuhofia gharama ya kulala hujitia katika saa za hatari kuliko zote.

Msafiri asiye na pa kulala ana hatari nyingine: hukubali kupanda chombo kilichokwisha kujaa. Maafa yatokanayo na vyombo kujazwa kupita kiasi twayajua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, ambacho kiwango chake kilikuwa abiria 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, na watu 228 wakafariki. Hatudai kwamba kitanda kimoja kingezuia misiba hiyo. Twasema kwamba mtu mwenye pa kulala kwa bei anayoimudu huweza kukiambia chombo kilichojaa, "Nenda, mimi nitakuja kesho."

Katika jambo hili Wajapani, ambao nao wana ziwa lao kubwa liitwalo Biwa, wana la kutufundisha. Zamani barabara kuu ya Tokaido, kutoka Edo, ambayo leo ni Tokyo, hadi Kyoto, ilikuwa na vituo 53 vya wasafiri, na cha mwisho kilikuwa Otsu, ukingoni mwa Biwa. Kabla ya kufika huko msafiri alikuwa na njia mbili: kukata maji kwa mashua, au kuzunguka kwa miguu hadi daraja la Seta. Mashua ilikuwa njia fupi, lakini upepo ushukao mlimani ulikuwa mkali. Ndipo ikazaliwa methali yao isemayo kwamba mwenye haraka na azunguke. Wetu walikwisha sema kwamba haraka haraka haina baraka. Lakini methali peke yake haimlazi mtu. Kando ya barabara ile kulikuwa na nyumba za kulala, na aliyezunguka alipata mkeka na chakula.

Nyumba za namna hiyo, ziitwazo ryokan, zipo hata leo kando ya maziwa ya Japani, na nyingi ni ndogo. Mgeni huvua viatu mlangoni. Hulala juu ya godoro litandikwalo sakafuni penye mikeka ya ukindu wa kwao, na asubuhi godoro hukunjwa ili chumba kile kile kiwe cha kukaa. Huoga maji ya moto, na ni lazima ajisafishe kwanza kabla ya kuingia katika birika wanamooga wote. Chakula cha jioni na cha asubuhi kwa kawaida huwa ndani ya bei, nacho hutokana na mazao ya mahali pale, samaki wa ziwa wakiwamo.

Serikali ya Japani ilizitungia nyumba hizi sheria mwaka 1948, kwa nia ya kulinda afya ya umma, na daftari la wageni likawa lazima. Zamani sheria ilitaka ryokan iwe na vyumba visivyopungua 5. Marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2018 yaliliondoa sharti hilo. Udogo haukuhesabiwa tena kuwa kosa, ila usafi ulibaki kuwa lazima.

Ukarimu si jambo la kuagizwa kutoka ng'ambo. Marehemu Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katika kitabu chake kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, aliandika kwa urefu desturi za Wakerewe, na heshima ya mgeni imo. Kinachopungua ni utaratibu wa kuuingiza ukarimu huo katika biashara ya malazi.

Kwa hiyo twatoa rai kwa viongozi wa halmashauri zenye mialo. Ushuru wa nyumba za wageni na ukusanywe, lakini mkaguzi na atazame kwanza choo, shuka, chandarua na maji ya kuogea. Kichocho kimeenea kandokando ya ziwa hili, na mgeni anayeambiwa akaoge ziwani amenyimwa haki yake. Mwenye vyumba vitatu vilivyo safi asisumbuliwe kwa kuwa hana ghorofa. Nao wenye nyumba wafahamu kwamba ugali wa muhogo na sato wa siku ile ni fahari ya kutosha kwa mgeni yeyote.

Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea wa Sengerema adha ya kungoja kivuko. Wa Ukara na visiwa vingine bado wategemea chombo na hali ya hewa. Hao wataendelea kungoja, na ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba wanangoja mahali pa heshima.