KWENDA KWA MWANASAIKOLOJIA



Mchumaji aliyeanguka mkarafuuni huweza kupona mguu lakini usingizi usimrudie, na kila autazamapo mti moyo humwenda mbio. Huyo si mwoga wala hana wazimu. Na aende kwa mwanasaikolojia. Hatapigwa sindano, kwa kawaida mtaalamu huyu hatoi dawa. Watakaa kiasi cha dakika 50, ataulizwa habari za usingizi, chakula, na siku ile ya kuanguka, kwa kadiri apendavyo kusema. Siri hutunzwa, ila pakiwapo hatari ya mtu kujiua au kumdhuru mwenziwe. Mara moja mara nyingi haitoshi. Akitumia simu ya video, atafute chumba cha peke yake (barazani watu husikiliza!), na wapatane mapema nani atampigia mwenziwe mtandao ukikatika.