Rivolva Ndogo ya Magnum: Ushauri kwa Mkazi wa Rungwe

Mnunuzi wa parachichi anayezunguka Kiwira, Katumba na Mwakaleli akiwa na fedha za wakulima. Wakala wa fedha za simu anayefunga kibanda chake gizani karibu na stendi ya Tukuyu. Mwenye lori anayeshuka Kyela na ndizi na kurudi na mchele. Hawa ndio wanaoulizia silaha ya kujilinda inayofichika ndani ya nguo, na swali lao karibu kila mara ni lilelile: rivolva ipi ndogo kuliko zote inapiga risasi ya Magnum?

Swali hilo limeunganisha vitu viwili ambavyo kwa watu wengi havifai kukaa pamoja. Udogo ni mzuri kwa kubeba. Magnum ni nzuri kwa nguvu. Ukiviweka kwenye silaha moja, kila kimoja hula faida ya mwenzake, na anayebaki na hasara ni yule mwenye kidole kwenye kifyatulio. Kwa hali ya hewa ya Rungwe na jinsi watu wanavyoishi huku, hasara hiyo ni kubwa zaidi.

Leseni kwanza

Bastola haiwi kitu cha kununua leo na kukifikiria kesho. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu raia kuwa na silaha ya moto bila leseni. Maombi huanzia kijijini au mtaani, kwa viongozi wanaokufahamu tabia, yakapita kata, kamati ya usalama ya wilaya na polisi, hadi kwa Msajili wa Silaha. Leseni ikitoka, inahusu silaha mahususi yenye namba yake. Kwa hiyo aliyechagua vibaya hawezi kubadilishana tu na jirani au kuirudisha kimyakimya dukani; atalazimika kuingia tena kwenye taratibu. Hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuielewa silaha kabla ya kuiombea.

Jinsi rivolva inavyofanya kazi

Ndani ya rivolva, risasi hukaa kwenye silinda yenye matundu, matano au sita kwa zile ndogo. Ukivuta kifyatulio, silinda huzunguka, tundu moja hukaa sawasawa na mtutu, nyundo hurudi nyuma kisha huangukia fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Kazi yote hiyo hufanywa na kidole chako. Bastola ya magazini ni tofauti: hutumia nguvu ya risasi iliyolipuka kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine.

Tofauti hii ndiyo inayoipa rivolva heshima yake. Risasi moja ikigoma, unavuta tena na tundu jingine linakuja. Kwenye bastola ya magazini, risasi iliyogoma lazima itolewe kwa mkono wa pili, na hilo linahitaji mazoezi ambayo mfanyabiashara wa kawaida hana. Rivolva pia haina haja ya kukokiwa kabla ya kutumika.

Gharama zake zipo. Kifyatulio ni kizito, mara nyingi kilo 4.5 hadi 5.5 za mvuto, na kuvuta uzito huo bila kuyumbisha mtutu si jambo la kuzaliwa nalo. Risasi ni chache, na kujaza upya ni kazi ya taratibu. Anayenunua rivolva ndogo ajihesabu kuwa ana risasi tano, basi.

Magnum ilizaliwa kwenye silaha kubwa

Risasi ya .38 Special, iliyoitangulia Magnum, ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1935 kampuni ya Marekani ya Smith & Wesson ilileta .357 Magnum, wakati polisi wa huko walipotaka risasi ya kupenya bodi za magari ya majambazi. Namba hizo mbili zimewachanganya wengi. Vichwa vya risasi zote mbili vina kipenyo kilekile, milimita 9 na ushee. Kinachotofautiana ni ganda na shinikizo. Ganda la Magnum lilirefushwa kwa karibu milimita 3 na nusu, makusudi, ili lisiingie kwenye silinda ya .38, kwa sababu shinikizo lake ni karibu mara mbili.

Kutokana na hapo kuna kanuni moja isiyo na mjadala: rivolva ya .357 hupiga risasi za .38 Special salama, lakini rivolva ya .38 haipigi .357 kamwe. Shika kanuni hiyo, nitairudia tukifika kwenye kuchagua.

Rivolva ya kwanza ya Magnum, ile ya 1935, ilijengwa juu ya bodi kubwa ya chuma yenye uzito unaozidi kilo moja. Risasi hiyo ilipangwa kwa silaha ya uzito huo. Leo zipo rivolva ndogo za chuma kama Ruger SP101, yenye gramu 700 na kitu, na zipo za aloi nyepesi kama Smith & Wesson 340PD, ambayo haifiki gramu 350. Ni hizi nyepesi zinazomvutia mnunuzi dukani, kwa sababu mkononi hazina uzito na mfukoni hazionekani.

Lakini teke la silaha lina hesabu yake. Risasi ikienda mbele, silaha hurudi nyuma kumpiga mpigaji. Kwa risasi ileile, ukipunguza uzito wa silaha kwa nusu, nishati ya teke huongezeka mara mbili. Mtu anayepiga Magnum kwa rivolva ya gramu 350 anapokea mkononi karibu mara tatu ya nishati ambayo angepokea kwenye silaha ya kilo moja. Mpini unaruka, vidole vinafunguka, na shabaha ya risasi ya pili inatafutwa upya. Wengi wakishapiga mara chache huanza kufumba macho na kukaza mkono kabla ya mlio, na mazoea hayo huharibu hata risasi ya kwanza.

Silaha nyepesi ina tatizo jingine ambalo muuzaji hulitaja mara chache. Teke lake kali huweza kuvuta vichwa vya risasi zilizobaki vikatokeza nje ya maganda yake. Kichwa kikitokeza kupita mdomo wa silinda, silinda haizunguki tena. Ule ubora wa rivolva, wa kuvuta tena risasi ikigoma, unakuwa umekufa.

Mtutu mfupi, moto mkubwa

Baruti ya Magnum inahitaji urefu wa mtutu ili iungue na kusukuma vizuri. Kichwa cha gramu 8 kinachotoka kwa kasi ya karibu mita 440 kwa sekunde kwenye mtutu wa inchi 4, kwenye mtutu wa inchi 2 hutoka kwa karibu mita 370. Nishati hupanda na kushuka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo karibu asilimia 30 yake imeshapotea kabla risasi haijasafiri hatua moja. Risasi bado ina nguvu kuliko .38, hilo halikataliki, lakini mnunuzi analipia teke zima na kupokea sehemu ya nguvu.

Sehemu ya baruti inayosalia huungulia hewani, mbele ya uso wako: mwako mkubwa unaopofusha macho usiku, na mshindo unaozidi desibeli 160. Wataalamu wa masikio huchukulia desibeli 140 kuwa mpaka ambapo mlio mmoja tu unaweza kudhuru usikivu. Ndani ya chumba chenye dari ya mbao, au ndani ya gari lenye vioo vilivyofungwa, risasi moja inaweza kukuachia masikio yanayolia na yasiyosikia mlinzi akikuita au mtoto akipiga kelele kuwa yuko mlangoni.

Koti la Tukuyu na jua la Kyela

Rivolva ndogo sana zilibuniwa kwa ajili ya mtu aliyevaa nguo nyepesi, mwenye mfuko wa suruali tu wa kufichia silaha. Tukuyu si hivyo. Mji huu uko kwenye miinuko ya takriban mita 1,500, chini ya Mlima Rungwe, na watu wake huvaa sweta na makoti sehemu kubwa ya mwaka. Juni na Julai hakuna anayemshangaa aliyevaa vyote viwili. Chini ya koti, rivolva ya chuma ya gramu 700 hadi 900 ikiwa kwenye ala nzuri ya kiunoni haionekani. Sababu kuu ya kutafuta ile nyepesi inakuwa haipo.

Anayeshuka Kyela mara kwa mara ana hesabu tofauti. Barabara inashuka karibu mita elfu moja, joto linapanda na koti linavuliwa. Huyo apange ala na mavazi yake kwa ajili ya Kyela, kwa sababu huko ndiko silaha itakakoonekana.

Safari hiyo ina hatari nyingine: unyevu. Chuma kilichopoa Tukuyu kikiingia kwenye hewa ya joto na mvuke ya Kyela hutoa jasho. Hata asiyesafiri hana nafuu, kwa sababu Rungwe hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ukungu huingia hadi kabatini. Wazee wa Masoko, hapa Rungwe, husimulia kuwa Wajerumani walitupa silaha katika Ziwa Kisiba wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, vikosi vya Waingereza chini ya Jenerali Northey vilipoingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1916. Silaha yako haihitaji kuzama ziwani ili iharibike. Jasho la mwili na ala ya ngozi iliyolowa vinatosha kuitia kutu ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kwa hiyo chagua chuma kisichoshika kutu, ingawa nacho hushika kikitelekezwa. Ifute na kuipaka mafuta mepesi kila baada ya kulowa. Usiihifadhi ndani ya ala ya ngozi, kwa kuwa ngozi hutunza maji. Risasi unazobeba kila siku zitumie kwenye mazoezi na uweke mpya, maana mafuta na unyevu vinaweza kuua fataki.

Ipi basi?

Aliyekwisha kuamua kuwa rivolva inamfaa, namshauri achukue ya chuma kisichoshika kutu, yenye uzito wa gramu 650 kwenda juu, mtutu wa inchi 2 na robo hadi 3, mpini unaojaza kiganja, na nyundo iliyofichwa au isiyo na ncha ya kunasa nguo. Ikiwa ni ya .357, vizuri, kwa sababu bodi iliyojengwa kuhimili Magnum itadumu sana ikipiga .38. Ndiyo kanuni ile niliyosema tuishike. Nunua nguvu ya bodi, kisha ibebe na .38 Special. Kabla ya yote, uliza duka lenye leseni ni risasi zipi huwa nazo mwaka mzima, kwani silaha isiyo na risasi za mazoezi haikufundishi chochote.

Rivolva za zamani zilizorithiwa zichunguzwe na fundi. Nyingi hazina kizuizi cha nyundo, na zikianguka zinaweza kufyatuka. Na urithi wenyewe hauhamishi leseni. Silaha ya marehemu hupelekwa polisi kwanza, ndipo taratibu zifuate.

Ala lazima ifunike kifyatulio chote. Usiweke bastola mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Nyumbani ikae ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, kilichofungwa ukutani. Kifyatulio kizito hakimlindi mtoto, kwa sababu mtoto huvuta kwa vidole vya mikono yote miwili.

Jirani aliye nyuma ya migomba

Rungwe imejaa watu. Nyumba zimetawanyika ndani ya migomba, na nyuma ya mgomba unaouona kuna jiko la jirani usiloliona. Ukuta wa mbao, bati au tofali bichi haukuhakikishii kuwa risasi iliyokosa itasimama. Kila risasi unayoshindwa kuitawala ina mahali itakapofika, na wewe ndiye utakayeijibia.

Sheria nayo haikupi ruhusa pana kama wengi wanavyodhani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Kumuua mtu hutetewa pale tu ulipoamini kwa nia njema, na kwa sababu za msingi, kwamba ilikuwa lazima. Mwizi anayekimbia na mkungu wa ndizi hakupi sababu hiyo.

Ndiyo maana silaha iwe hatua ya mwisho. Lipa wakulima kwa simu au benki pale inapowezekana, badilisha saa na njia zako, safiri na mwenzako, weka taa na mbwa. Mengi ya majanga ya fedha taslimu huzuilika hapo, bila leseni na bila risasi.

Ukishafanya hayo na bado unahitaji bastola, jipime kabla ya kulipa. Nenda kwenye uwanja wa shabaha ulioidhinishwa, pamoja na mkufunzi na vizuizi vya masikio. Weka karatasi yenye ukubwa wa sahani mita saba mbele yako, upige risasi tano mfululizo kwa risasi zilezile unazokusudia kubeba. Zote tano zikiingia, silaha hiyo ni saizi yako. Zikitawanyika, shuka kwenye .38 au panda uzito wa silaha, na urudie mpaka ziingie. Kama muda wa kufanya hivyo huna, basi usiombe leseni mwaka huu.