Bustani ya jikoni: kweli au uzushi?

"Bila eneo huna bustani." Uzushi. Gunia la viroba linatosha. Simamisha katikati yake kopo lililotolewa kitako, ulijaze kokoto, kisha uzungushie udongo uliochanganywa na samadi. Vuta kopo juu, ujaze tena, hadi ufike mdomoni. Utakuwa na nguzo ya kokoto inayoshusha maji mpaka chini. Bila hiyo, miche ya juu inakunywa na ya chini inakauka. Toboa ubavuni, pandikiza sukuma wiki au spinachi.

"Maji ya vyombo yanaua mboga." Nusu kweli. Yenye povu zito na mafuta yamwage kwingine. Ya kusuuzia yanafaa, ila mwagia shinani.

"Samadi mbichi ndiyo yenye nguvu." Inayo, na ndiyo inayounguza miche. Iache ioze.

"Mboga za kienyeji ni za maskini." Dharau tu. Kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha tangu 1992 kimewekeza miaka mingi kwenye mnavu, mgagani na ngogwe. Mgagani una vitamini A ya kutosha, lakini mwili unaihitaji na mafuta kidogo ndipo uifaidi. Karanga za kupondwa zinatosha.

"Mafunzo ya bustani yakiisha, mama ana kipato." Hapa ndipo wafadhili wengi hujidanganya. Wanawake 30 wanapewa mbegu ileile siku ileile, wanasia wiki ileile. Baada ya wiki nne hivi mchicha wa wote uko tayari, na genge la kijiji ni moja. Fungu linashuka bei hadi linapewa mbuzi. Dawa yake ni kusia tuta dogo kila baada ya wiki mbili, na kugawana mazao: huyu bamia, yule matembele, ambayo ukichuma vizuri yanachipua tena. Faida ya kwanza, kwa maoni yangu, haionekani sokoni kabisa: ni hela ya mboga isiyotoka tena kila jioni. Mwezeshaji asiyewafundisha kuiandika hiyo hela anawaacha waamini hawajapata kitu. (Na anayeita semina saa tatu asubuhi, wakati foleni ya kisimani imepamba moto, asilalamikie mahudhurio.)

"Halmashauri hutoa mitaji kwa wanawake." Kweli, lakini ni mkopo. Sheria ya Tanzania inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kati yake za wanawake, bila riba. Hupewa kikundi kilichosajiliwa.

"Mbegu lazima ununue kila msimu." Za chotara, kweli. Mchicha na mnavu wa kienyeji, hapana: acha mashina machache yaliyonawiri yakomae, ukaushe mbegu kivulini, uhifadhi kwenye chupa kavu. Usiache lile lililowahi kutoa maua kuliko mengine. Msimu ujao utavuna maua, si majani.