Hereni ya Kielektroniki ya Ng'ombe na Homa Isiyokwisha: Umuhimu Wake kwa Kaya za Karagwe na Kyerwa

Katika kaya nyingi za Karagwe na Kyerwa, mali yenye thamani kubwa haikai ndani ya nyumba. Hulala zizini, hutoka asubuhi kwenda malishoni, na wakati wowote huweza kuuzwa mnadani, kulipwa mahari au kupewa jamaa. Mali hiyo ni ng'ombe. Tangu zamani za Omukama Rumanyika, aliyetawala kutoka Bweranyange katikati ya karne ya 19, ng'ombe wa pembe ndefu amekuwa kipimo cha heshima katika nchi hii. Ndiyo maana teknolojia ya vitambulisho vya redio, ambayo kwingineko hutumika kufuatilia mizigo, vitabu vya maktaba na vyombo vya nyumbani, imewafikia wafugaji kupitia sikio la ng'ombe.

Namna hereni inavyofanya kazi

Hereni ya kielektroniki ni kipande cha plastiki chenye chipu ndogo na waya mwembamba uliozungushwa, ambao ndio antena yake. Haina betri. Kifaa cha kusomea kinapowekwa karibu na sikio, hutoa mawimbi ya redio ya kilohezi 134.2. Mawimbi hayo huipa chipu nguvu ya kutosha kutaja namba yake, kisha chipu hunyamaza. Namba hiyo ina tarakimu 15. Jina la mmiliki, kijiji na chanjo alizopata mnyama hazimo ndani ya hereni. Huandikwa katika daftari la kielektroniki, na namba ndiyo ufunguo wa kulifungua.

Kutokana na maelezo hayo, dhana mbili zilizozoeleka hazina budi kusahihishwa. Kwanza, hereni haioneshi mahali mnyama alipo. Husomwa kwa umbali mfupi tu, hivyo ng'ombe aliyeibwa na kuvushwa Mto Kagera hataonekana kwenye simu ya mwenyewe. Atatambuliwa pale tu atakaposomwa mnadani, machinjioni au kizuizini. Pili, hereni haitoi mawimbi pasipo kifaa cha kusomea, wala haiharibu nyama au maziwa.

Msingi wa kisheria wa kazi hii ni Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010. Awamu za awali za uvishaji wa hereni zilikumbana na malalamiko ya wafugaji, hasa kuhusu gharama. Mwezi Juni 2025, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu.

Uhusiano wake na afya ya binadamu

Brusela, ambayo huitwa pia ugonjwa wa kutupa mimba, humpata binadamu kwa kunywa maziwa yasiyochemshwa, au kwa kushika kondo la nyuma, ndama aliyetupwa na majimaji ya uzazi wa mnyama mwenye vimelea. Mgonjwa hupata homa inayopanda na kushuka, jasho jingi usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Dalili hizi hufanana na za malaria na homa ya matumbo, na kwa sababu hiyo wapo wagonjwa wanaotumia dawa za magonjwa hayo mara kadhaa bila nafuu.

Ugumu zaidi uko katika muda. Dalili kwa kawaida huanza wiki moja hadi nne baada ya kuambukizwa, na wakati mwingine huchukua miezi. Kwa upande wa zizi, ng'ombe aliyetupa mimba huweza kuonekana mzima kabisa, akaendelea kutoa vimelea katika maziwa yake. Mgonjwa anapopimwa, huenda ng'ombe ameshauzwa na kuingia katika kaya nyingine, au amevushwa mpaka wa Murongo kuelekea Uganda. Rangi na pembe hutambuliwa na mwenyewe tu. Mnunuzi wa tatu hajui historia yoyote. Namba iliyosajiliwa vizuri ndiyo kumbukumbu inayoweza kusafiri pamoja na mnyama.

Wajibu wa mtumishi wa afya

Kila mgonjwa mwenye homa ya muda mrefu ambaye kipimo chake hakioneshi malaria, aulizwe maswali matatu: Je, hunywa maziwa mabichi? Je, amesaidia mnyama kuzaa? Je, kuna ng'ombe aliyetupa mimba karibu na nyumbani? Brusela ikithibitishwa, tiba ya kawaida kwa mtu mzima ni doksisaiklini kwa wiki sita pamoja na rifampisini, au pamoja na sindano za streptomaisini au jentamaisini. Wajawazito na watoto wadogo huhitaji mpango tofauti wa dawa. Kuacha dawa kabla ya muda hurudisha ugonjwa.

Tiba hiyo peke yake haitoshi ikiwa mgonjwa anarudi kwenye maziwa yale yale. Chini ya utaratibu wa Afya Moja, kituo cha afya kimjulishe afisa mifugo wa kata, naye apime kundi na kuandika matokeo kwa namba ya kila mnyama. Hapa uaminifu unahitajika. Mfugaji anayehofia kwamba kutaja ng'ombe wake kutamletea hasara atanyamaza, na ukimya wake utawagharimu watoto wa kaya nyingine. Taarifa ya tiba ya mgonjwa ibaki siri ya kituo. Kinachofuatiliwa kwa namba ni mnyama.

Wajibu wa kaya

Maziwa yachemshwe hadi yatokote, yakiwemo yatakayogandishwa, kwa kuwa kugandisha peke yake si kinga ya uhakika. Anayezalisha ng'ombe avae glavu, kisha anawe kwa sabuni; kondo na ndama aliyetupwa wafukiwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawawezi kulifukua. Ng'ombe aliyetupa mimba asiuzwe kabla hajapimwa. Anayenunua ng'ombe, kabla ya kukabidhi fedha, aombe namba ya hereni isomwe na kumbukumbu zake ziangaliwe. Na umiliki ubadilishwe siku hiyo hiyo, kwa sababu namba iliyobaki kwa mwenye mali wa zamani haimlindi yeyote.