‘Mimi si mlevi, kwa nini niache?’ Swali la kijana anayekunywa wikiendi tu

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 25 aliyeajiriwa na wakala wa forodha pale Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Jumatatu hadi Alhamisi hagusi pombe. Ijumaa jioni, malori yakiwa kwenye foleni ya kuvuka kwenda Lunga Lunga, anakaa meza moja na madereva wawili na mwenzake wa ofisini. Wanakunywa, wanacheka, wanapeana habari za mizigo. Saa 6 usiku anapanda bodaboda kurudi kwao Duga Maforoni. Mama yake anasikia mlango, anageukia ukutani, hasemi kitu.

Wiki tatu zilizopita alisinzia nyuma ya dereva wa bodaboda akadondoka. Hakuvunjika, alichubuka goti na kiganja tu. Nyumbani alisema ameteleza. Lakini tangu siku hiyo anajiuliza, na anajibu mwenyewe: “Mimi si mlevi. Sikosi kazini, sigombani na mtu, sijawahi kulala mtaroni. Kwa nini niache?”

Kama kijana huyo ni wewe, au ni mwanao, swali hilo linastahili jibu la hesabu na si la matusi. Twende nalo taratibu.

Hesabu ya meza ya watu wanne

Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu kipimo kimoja cha pombe kuwa gramu 10 za kileo halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kileo cha asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vipimo viwili. Sasa angalia meza yako. Mko wanne, kila mmoja anatoa raundi moja ili asionekane bahili. Bila mtu yeyote kukusudia kulewa, kila mmoja anainuka na chupa nne tumboni. Hizo ni gramu 80.

WHO huhesabu gramu 60 au zaidi katika kikao kimoja kuwa ni unywaji wa kupindukia, hata kama hutokea mara moja tu kwa mwezi. Chupa ya tatu imekwisha kukufikisha hapo. Wewe unasema umekunywa kistaarabu, lakini ini lako limepokea mzigo wa kupindukia.

Ini la mtu mzima husafisha takriban gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa. Kahawa chungu, kuoga maji baridi au supu ya moto haviongezi kasi hiyo. Ukianza saa 2 usiku na kumaliza chupa nne, mwili unahitaji saa 8 hadi 11 kuimaliza kazi. Maana yake saa 12 asubuhi, unapowasha pikipiki kwenda kazini ukijiona umeamka salama, kileo kinaweza kuwa bado kimo ndani ya damu.

Endelea kuhesabu. Chupa nne Ijumaa na nne Jumamosi ni 8 kwa wiki, sawa na 416 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya baa yako, ongeza nyama choma na nauli ya usiku. Andika jumla hiyo kwenye karatasi na uitunze, tutairudia.

Mnazi na gongo

Wapo wanaosema, “Mimi sinywi bia, nakunywa mnazi, ni kinywaji cha asili.” Ni kweli mnazi unatoka mtini, lakini unaanza kuchachuka tangu mgema anapoutega. Ule mtamu wa asubuhi huwa na kileo kidogo. Kufikia jioni nguvu yake inaweza kukaribia ya bia, na haina lebo ya kukuambia. Ukinywa kiasi kilekile saa mbili tofauti za siku, unakuwa umekunywa pombe mbili tofauti.

Gongo, au chang’aa kama wanavyoiita ng’ambo ya pili ya mpaka, haina mjadala wa kiasi. Hujui aliyeipika ametia nini. Ikiwa na methanoli, kiasi kidogo tu kinaweza kupofusha macho au kuua. Februari 2024 huko Kirinyaga, Kenya, zaidi ya watu 10 walifariki baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mtu aliyekunywa kisha akaona ukungu machoni, akatapika mfululizo au akahema kwa shida, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo. Usimwache alale eti itamtoka.

Pombe inafanya nini kwa mwili wa kijana

Januari 2023 WHO ilitamka kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Hilo halina maana kwamba glasi moja ya harusini itakuua. Maana yake ni kwamba hatari inaanza na glasi ya kwanza, ikiwa ndogo, kisha inapanda kadiri unavyoongeza.

Ini likivunja kileo hutengeneza kemikali iitwayo asetaldehaidi, ambayo huharibu vinasaba vya seli. Ndiyo sababu pombe iliwekwa tangu 1988 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na leo inahusishwa na aina zisizopungua saba, zikiwamo za koo, ini, utumbo mpana na matiti. Bia, mvinyo, mnazi au pombe kali, kinachodhuru ni kileo kilekile.

Lakini kijana wa miaka 25 mara nyingi haumizwi kwanza na saratani. Anaumizwa na barabara, maji, ugomvi na ngono isiyo na kinga. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2019 pombe ilisababisha vifo milioni 2.6 duniani, na vijana wa miaka 20 hadi 39 waliathirika kupita kiasi. Ubongo nao huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, hasa ile sehemu ya kupima hatari na kujizuia. Pombe hulegeza sehemu hiyohiyo.

Kwa binti aliye kwenye meza ile, chupa sawa si mzigo sawa. Kwa kawaida mwili wa mwanamke una maji kidogo kuliko wa mwanamume, hivyo kileo hukolea zaidi katika damu yake.

Nani asisubiri kutafakari?

Kuna watu ambao jibu lao ni kuacha kabisa, leo:

• Mjamzito au anayetafuta mimba. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

• Mwenye homa ya ini aina ya B au C. Vijana wengi hugundua wanayo wanapochangia damu, kwa sababu damu hiyo hupimwa. Chanjo ya homa ya ini B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga nchini mwaka 2002, hivyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Kama hujawahi kupima, pima.

• Aliye kwenye dozi ya kifua kikuu, ambayo tayari inalielemea ini, na anayetumia dawa za kifafa, za kisukari au za usingizi. Ukipewa metronidazole pia, wataalamu hushauri usiguse pombe.

• Anayeendesha gari au pikipiki kwa kazi, na yeyote aliye chini ya miaka 18.

• Mwenye mzazi au ndugu wa damu aliyekuwa mraibu wa pombe. Hatari yako ni kubwa kuliko ya mwenzako wa mezani.

Jiulize maswali manne

Ukiwa humo katika orodha, usiishie hapo. Vituo vya afya vinatumia maswali mafupi kupima unywaji. Haya manne yanatosha kuanzia: Umewahi kuhisi unapaswa kupunguza? Umewahi kuudhika watu wakikusema kuhusu pombe? Umewahi kujisikia vibaya au kuwa na hatia kwa ajili ya kunywa? Umewahi kuzimua, yaani kunywa asubuhi ili utulie au uondoe uchovu wa jana?

Ukijibu ndiyo mara mbili au zaidi, zungumza na mhudumu wa afya. Kuzimua peke yake ni ishara ya kuchukulia kwa uzito mkubwa.

Kijana wetu wa Horohoro ana “ndiyo” mbili. Alihisi apunguze baada ya kudondoka, na aliona aibu kumdanganya mama yake. Si mlevi kama anavyosema, lakini swali lake halikutoka hewani.

Jaribu siku 30

Njia ya kuaminika ya kujua nafasi ya pombe katika maisha yako ni kuiondoa kwa muda. Chagua siku 30 zenye wikiendi za kawaida na malipo ya mshahara ndani yake. Kila asubuhi andika mambo matatu: umelalaje, umeamkaje, na umebaki na shilingi ngapi.

Wengi wa pwani wamekwisha kulifanya jaribio hili bila kulipa jina. Wanafanya vunja jungu, wanaacha Ramadhani nzima, kisha sikukuu inarudisha kila kitu. Wengine huacha Kwaresima. Kama ni wewe, jiulize mwezi ule ulikwendaje. Ulipumzika, au ulikuwa unahesabu siku zilizobaki? Kuhesabu siku nako ni jibu.

Ugumu mkubwa mara nyingi hautatoka mwilini, utatoka mezani. Mpakani kazi nyingi hupatikana kwenye mazungumzo ya jioni, na kijana anaogopa kwamba akiacha bia ataachwa na habari. Hofu hiyo ni ya kweli, usiidharau. Basi usiiache meza, acha raundi. Fika mapema, agiza soda au maji kabla hujaulizwa, lipa chako peke yako, na uondoke saa 3 usiku. Ukiulizwa, sema “niko kwenye dozi” au “kesho naendesha” au “nimepumzika kidogo”. Huna deni la maelezo marefu. Atakayekuacha kwa sababu ya soda, jua kilichowaunganisha.

Baada ya siku 30 amua. Ukikuta umelala vizuri, fedha zimebaki na hukukosa kitu cha maana, una sababu ya kuendelea. Ukiamua kurudi, weka mpaka kabla ya kutoka nyumbani, mathalani chupa moja na bila raundi. Ukishindwa kuishia kwenye moja mara mbili tatu, basi kwako kuacha ni rahisi kuliko kupunguza.

Kwa mzazi

Mama, baba, usimsubiri mlangoni saa 6 usiku. Aliyelewa hasikii, na wewe mwenye hasira hutasema ulichokusudia. Subiri mchana, mkiwa wawili. Sema ulichokiona: “Nimeona goti lako. Naogopa ile bodaboda.” Usianze na “umekuwa mlevi”, kwa sababu atakujibu kuwa si mlevi na mazungumzo yatafia hapo.

Katika familia ambazo pombe ni haramu, kijana hunywa kwa siri na huumwa kwa siri. Msimamo wa dini yenu ubaki palepale, lakini mlango wa kusema “nina shida” usifungwe. Anayeogopa kufukuzwa nyumbani hafiki hospitali mapema. Na usimtume mtoto kununua pombe, wala kumwonjesha kwa mzaha.

Tahadhari moja kubwa

Yote haya yanamhusu anayekunywa mara mojamoja. Mtu anayekunywa sana kila siku, au anayetetemeka na kutoka jasho asipopata, asiache ghafla akiwa peke yake. Ndani ya siku chache za mwanzo anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa, na hali hiyo inaweza kuua. Afike kwanza kituo cha afya kilicho karibu, na kwa mkoa wa Tanga anaweza kupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, ili aache chini ya uangalizi.

Kwako unayekunywa wikiendi tu, chukua ile karatasi yenye jumla ya mwaka. Andika pembeni yake majibu yako ya maswali manne, na tarehe utakayoanza siku 30. Ukienda kupima homa ya ini, nenda nayo umwonyeshe mhudumu.