Ndege Wawili Wafananao wa Mlima Kenya

Mtu akitoka Nkubu na kupanda kuelekea Mlima Kenya hupita mashamba ya kahawa, kisha ya chai, mpaka ukingo wa msitu. Humo msituni, chini penye majani makavu, aweza kumwona ndege wa jamii ya mkesha. Kidari chake ni rangi ya chungwa, tumbo ni jeupe, na kila bawa lina mistari miwili ya madoa meupe. Hupekua majani akitafuta minyoo na wadudu, na asikiapo nyayo za watu hujificha.

Wengi hudhani kuwa ndege huyo ni wa namna moja. Kumbe wako wa namna mbili. Mmoja hukaa sehemu za chini za msitu, na mwenziwe hukaa juu zaidi, hata penye mianzi. Mwenye kutaka kuwapambanua na atazame jicho. Yule wa juu ana duara jeupe kamili kulizunguka jicho, na paji la uso wake ni rangi ya chungwa. Yule wa chini, duara lake limekatika, kwa kuwa alama nyeusi hupita jichoni kutoka juu hata chini. Tena mdomo wake ni mkubwa zaidi.

Huyu wa chini amechukua jina la nchi hii. Mwaka 1930 mtaalamu wa ndege V. G. L. van Someren alieleza habari za aina yake ikaayo nyanda za juu za Kenya ya kati, akaiita "chuka", kwa jina la Chuka iliyo katika njia ya Embu.

Labda mtu atauliza: yafaa nini kuwapambanua? Jibu ni kwamba mashamba huula msitu kuanzia chini. Mwaka 1999 Shirika la Wanyamapori la Kenya liliikagua misitu ya Mlima Kenya na Imenti kwa eropleni, likaona miti mingi ya asili imekatwa na makaa yanachomwa. Ndege wa chini akitoweka, asiyewajua atamwona yule wa juu na kusema, "Ndege wetu yungalipo." Kumbe aliyebaki ni mwingine, na makao ya yule wa kwanza yamekwisha kuwa makaa.

Kwa hiyo, mwenye kutaka kujua hali ya msitu wa chini asitosheke na kidari cha rangi ya chungwa. Na atazame jicho.