Mchwa au chungu? Juu ya mdudu atoboaye mbao za nyumba

Unga wa mbao ukionekana sakafuni chini ya boriti, mwenye nyumba wa Lubumbashi kwa kawaida husema neno moja tu: mchwa. Kisha hutafutwa dawa ya mchwa, nayo humwagwa ukutani na kwenye msingi. Mara nyingine neno hilo ni sahihi. Mara nyingine mharibifu ni mdudu wa ukoo mwingine kabisa, na fedha iliyotumika imepotea, huku sumu ikibaki mahali watoto wanapocheza. Kosa la msamiati huzaa hapa hasara ya nyumba.

Kiswahili hakina uhaba wa majina katika uwanja huu. Wapo siafu waendao kwa majeshi, sungusungu weusi wenye harufu kali, majimoto washonao majani ya miti, na sisimizi wadogo wa kwenye sukari. Jina la jumla la hao wote ni chungu. Ndiye mdudu ambaye mvivu hutumwa kwake katika Mithali 6:6, kwa tafsiri ya Biblia ya mwaka 1952. Mchwa hayumo katika jamii hiyo. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku neno mchwa limetanuka hata likammeza chungu, pengine kwa kuwa chungu limekwisha kulemewa na maana nyingine, ile ya chombo cha udongo na ile ya ladha ya kwinini. Wala si Waswahili peke yao waliochanganya: Kifaransa cha zamani kilimwita mchwa fourmi blanche, yaani chungu mweupe.

Elimu ya wadudu inawatenga wawili hawa mbali sana. Chungu ni ndugu wa nyigu na nyuki. Mchwa, kwa utafiti wa nasaba uliotangazwa mwaka 2007, huhesabiwa ndani ya kundi la mende.

Mdudu tunayemzungumzia ni wa jenasi Camponotus, iliyopewa jina hilo na Mayr mwaka 1861 na yenye spishi zaidi ya 1,000 duniani. Wafaransa humwita fourmi charpentière. Kwa Kiswahili twaweza kusema chungu seremala, ingawa jina lina kasoro, maana seremala hujenga na huyu hutoboa tu. Barani Afrika Camponotus maculatus anajulikana sana: ana miguu mirefu, hutembea usiku, na katika kiota kimoja huonekana wafanyakazi wadogo na wakubwa wenye vichwa vinene. Hana mwiba. Huuma kwa taya na kurushia jeraha asidi.

Jambo kuu la kushika ni hili: chungu seremala hali mbao. Chakula chake ni utamu utokao kwa vidukari, wadudu waliokufa, sukari na mabaki ya nyama. Mbao huzichimba ili apate nyumba, naye hupendelea zile zilizokwisha kulainishwa na maji. Kwa hiyo yeye ni shahidi kabla ya kuwa mharibifu: alipo, mara nyingi pana bati linalovuja, bomba linalotoka jasho, au mwimo wa mlango unaonyonya unyevu wa ardhi.

Alama za kuwatofautisha ni wazi kwa mwenye subira. Chungu ana kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Mchwa hana kiuno, na vipapasio vyake vimenyooka kama uzi wa shanga. Mvua za kwanza zinapowatoa wenye mbawa, kumbikumbi, ambao wengi Katanga huwaita inswa na kuwala, huwa na mbawa nne za urefu mmoja. Chungu mwenye mbawa ana mbili ndefu mbele na mbili fupi nyuma. Mbao zenyewe nazo husema. Mchwa hujenga vijia vya udongo ukutani na kuacha udongo ndani ya mbao. Njia za chungu seremala ni safi na laini, kana kwamba zimepigwa msasa, na takataka zake, nyuzi za mbao zilizochanganyika na vipande vya wadudu, husukumwa nje zikawa kichuguu kidogo sakafuni.

Dawa za udongo, basi, hazimfikii. Isitoshe, aldrini na dieldrini, zilizotumiwa mno zamani dhidi ya mchwa, zimepigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001; anayeuziwa chupa isiyo na lebo hajui anamwaga nini. Kazi ya kwanza ni ya fundi wa paa, si ya muuza sumu: kuziba mvujo, kuondoa mbao iliyooza, kukata matawi yagusayo mabati, na kuhamisha kuni zilizoegemezwa ukutani.

Ndipo kiota kitafutwe, usiku, kwa tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu, kwa kuwa chungu huona wekundu kwa shida. Mbao ikigongwa kwa mpini wa bisibisi hutoa sauti ya uwazi, na pengine mchakato mdogo wa wenyeji walioshtuka. Kiota kisipofikika, hutegwa chambo: gramu 5 hadi 10 za asidi ya boriki katika lita 1 ya maji ya sukari, kikawekwa kwenye njia yao mahali ambapo mtoto wala kuku hafiki. Kuzidisha kipimo ni kuharibu kazi, maana mfanyakazi hufa kabla ya kurudi. Aliyekunywa kidogo huwalisha wenzake na malkia mdomo kwa mdomo. Kazi hii huchukua majuma kadhaa, na katika muda huo njia yao isipuliziwe dawa ya kopo, kwani wataihama pamoja na chambo.